Gongo la Baba Lenye Twiga

Nimeitwa timu ya taifa mara mbili maishani mwangu, mara moja kwa mpira wa mikono na mara moja kwa kriketi, na mara zote mbili kazi yangu ilikuwa kubeba maji. Nasema mapema ili asitokee mtu wa kunikatiza. Hapa Kariobangi watu wana tabia hiyo. Ukianza tu kusimulia enzi zako za uchezaji, mtu anauliza, "Lakini si wewe ulikuwa wa kubeba maji?" Ndiyo, nilibeba. Na hakuna aliyekufa kwa kiu.

Jina langu ni Nthoki Mutisya. Kwa miaka mingi nilikuwa kipa wa mpira wa mikono, mchezo ambao mtu mzima anakuja mbio, anaruka hewani, na akiwa hatua chache tu kutoka usoni pako anavurumisha mpira kwa nguvu zote alizopewa na Mungu. Kazi ya kipa ni kuhakikisha mpira unampata yeye kabla haujapata wavu. Glavu hakuna. Nimezuia mabao kwa kifua, kwa mbavu, na siku moja kwa paji la uso, nikaamka nikiulizwa jina langu. Lakini silaha yangu kubwa ilikuwa mguu wa kushoto. Mguu ule haukungoja ruhusa. Ukiona mpira unakuja, unapaa wenyewe mpaka usawa wa bega, mimi nafuata nyuma.

Baba yangu alikuwa hakosi mechi. Yeye ni mchongaji wa vinyago, ana karakana yake hapa hapa Kariobangi, na mpira wa mikono aliuelewa mara moja. "Kuna goli, kuna binti yangu, kuna mpira," alikuwa akiwaeleza wachongaji wenzake. "Mpira ukikosa kuingia, jua ni binti yangu amekataa." Alikuwa akikaa nyuma ya goli langu kabisa, kwenye kigoda alichokuja nacho mwenyewe, na kila nilipozuia alisema neno moja tu: "Amekataa!"

Kisha akaja Habon akaniharibia maisha, na ninamshukuru hadi leo. Habon anauza mapazia ya jumla Eastleigh, na ndiye nahodha wa timu ya kriketi iitwayo Malkia wa Eastleigh. Alinikuta uwanjani siku moja nikitema damu ya ulimi baada ya kuzuia penalti.

"We huogopi mpira?" akaniuliza.

"Mpira ndio uniogope mimi."

"Basi niko na kazi yako, abaayo, dada yangu. Na huku kwetu tunawapea glavu."

Kwa asiyeijua kriketi, nitaieleza mara moja tu na asinirudishe. Nyuma yako wamesimamisha vijiti vitatu, vinaitwa wiketi. Mrushaji anakuja mbio na kurusha mpira mgumu ili aviangushe. Wewe una gongo mkononi. Unauzuia mpira, na ukiupiga mbali, wewe na mwenzako aliye upande wa pili mnakimbia kubadilishana nafasi ili kuchuma mikimbio; ukivuka mstari wa mpakani, ni minne bila kukimbia. Vijiti vikianguka, au mpira uliopiga ukidakwa hewani, umetoka, nenda kaketi. Nyuma ya vijiti huchuchumaa kipa wa timu pinzani, akidaka mipira inayopita. Hiyo kazi ya kudaka niliiweza tangu siku ya kwanza. Nina glavu, nina kinga za miguu, na mpira wenyewe mdogo! Nilijiona niko likizo.

Shida ilikuwa zamu yangu ya kupiga ikifika. Mtu aliyelinda goli miaka yote ile ukimsimamisha mbele ya vijiti vitatu, yeye anaona goli. Dogo, ndiyo, lakini goli. Mpira ukirushwa, mikono yangu inasahau kuwa imeshika gongo, na mguu wa kushoto unatoka kwenda kufanya kazi yake. Mpira unagonga mguu. Wiketi ziko salama. Mimi nainua mikono kushangilia, na refa anainua kidole kuniambia nimetoka.

Refa mwenyewe ni Bwana Griffins, karani mstaafu, mwembamba, mwenye kofia nyeupe na kitabu cha sheria kwapani saa zote. Kumbe sheria inasema kama mpira ulikuwa unaelekea kwenye wiketi na ukaukinga kwa mguu, umetoka. Siku ya kwanza nilimfuata hadi kwenye gari lake.

"Kwani mguu ni wa nini?" nikamuuliza.

"Wa kusimamia," akajibu, akawasha gari.

Katika miaka tisa ya kriketi nimetolewa kwa mguu mara kumi na tisa, na hadi leo naona sheria hiyo iliandikwa na mtu asiyependa makipa.

Sasa tuje kwa baba. Aliposikia nimehamia kriketi hakulalamika. Aliomba picha. Nikampa kipande cha gazeti chenye picha ya mtu akipiga mpira, akaenda nacho karakanani, na baada ya wiki mbili akarudi na kitu kilichofungwa kwa gunia. Alikifungua mezani, mama akasogeza sahani. Lilikuwa gongo la kriketi. Nilijua ni gongo kwa sababu ya umbo, kwa mbali. Magongo ya kriketi huchongwa kwa mti mwepesi. Baba alikuwa amechonga la muhugu, mti ambao hata msumari unauogopa. Upana alikuwa amekadiria kwa jicho, na jicho la baba ni karimu. Uzito ulikuwa wa mtoto wa miaka miwili aliyeshiba.

Na juu kabisa ya mpini palikuwa na kichwa cha twiga.

Baba hajawahi kumaliza kipande cha mti bila kukitia mnyama. Mwiko wa ugali nyumbani kwetu una kifaru. Ufagio una nyoka. Twiga yule alikuwa na masikio, pembe zake mbili fupi, na macho yaliyokutazama kwa upole hadi ukaona aibu bila kosa.

"Shingo ya twiga ndiyo mpini," baba akaeleza. "Nimeona inafaa."

"Ni zuri sana, baba," nikasema, na hilo halikuwa uongo. Uongo ulianza baadaye.

Mazoezini nililiinua mara moja. Lilipofika begani, mpira ulikuwa umeshapita, umedakwa, umerudishwa kwa mrushaji, naye ameshaanza kukimbia tena. Habon akanipa gongo lake la akiba. Jioni hiyo timu ilikwenda kula nyama Soko la Burma, kwenye kibanda cha mtu anayeitwa Nzomo, na mimi nikalisahau gongo la baba chini ya benchi. Nitasema ukweli: nililisahau kwa makusudi. Wiki iliyofuata nilimkuta Nzomo akivunjia mifupa ya mbuzi kwa gongo lile, pigo moja, mfupa vipande viwili, na nikaona kwa macho yangu kwamba hatimaye limepata mtu anayeliweza. Nikamwambia akae nalo. Tangu siku hiyo sikutia mguu Burma tena, maana yule twiga alikuwa akinitazama.

Nyumbani nikawa nafika kila Jumamosi jioni na habari. "Baba, leo nimepiga kumi na moja na gongo lako." "Baba, leo ishirini na tatu!" Baba anaitikia, "Ishirini na tatu," polepole, kama anayelionja neno. Chakula cha jioni hagusi. Jumamosi tu, siku nyingine anakula vizuri. Mama alimpeleka mpaka kliniki akidhani ni vidonda vya tumbo, wakamrudisha na dawa nyeupe ya maji ambayo baba aliitumia kujazia nyufa za vinyago.

Na aliposema angependa kuja kuniona nikicheza, nilikuwa na jibu. Usije, uwanja umejaa matope. Usije, tunacheza Thika. Usije, baba, wanakunywa chai katikati ya mechi, utadhani imekwisha na uondoke. "Sawa," alikuwa akisema. Miaka tisa ya "sawa." Mtu aliyekuwa hakosi mechi yangu hata moja, nikamfungia nje kwa ajili ya kipande cha mti. Hilo liliniuma, na nilijifanya haliniumi.

Mwaka huu daktari alilitazama goti langu akasema goti lina umri wa miaka sitini, mwenye goti ajipange. Nikatangaza kwamba fainali ya Jumamosi ndiyo mechi yangu ya mwisho. Jumatano usiku, tukila, baba akaweka tonge chini.

"Jumamosi nakuja."

"Usije, baba, kuna..."

"Nthoki. Ni mara yako ya mwisho. Nataka nione gongo likifanya kazi."

Nina miaka thelathini na mitano, nimegongwa mpira usoni na wanawake wa timu ya jeshi, lakini usiku huo niliogopa kama mtoto. Sikuogopa kushindwa fainali. Niliogopa uso wa baba atakapojua.

Ijumaa mchana nikaenda Burma.

"Niaje, kipa!" Nzomo akaniita kutoka kwenye moshi. "Umepotea kinoma."

"Poa. Nzomo, nimekuja kuchukua ile gongo."

"Gongo gani?"

"Hiyo umeshika."

Akautazama mkono wake. "Hii? Zii, madam. Hii ndio mkono yangu ya kulia. Nikikupea hii kesho nitavunja mifupa na nini, na kichwa?"

Nikambembeleza. Nikamweleza habari ya fainali na ya babangu. Alipogundua kwamba twiga alichongwa na babangu, alinitazama kwa jicho la pembeni, kisha akalifuta gongo kwa aproni na kunikabidhi.

"Kesho jioni iwe hapa," akasema. "Na usiguze huyo twiga. Kuna mteja hapa atanimaliza."

Sikuuliza ni mteja gani. Nilikuwa nalitazama gongo. Ubao wote ulikuwa umejaa chale na mibonyeo, mingine imeingia kidole kizima, lakini twiga aling'aa kama alichongwa jana. Niliona ajabu, nikadhani Nzomo ana mapenzi na wanyama. Usiku nikaliosha gongo kwa sabuni, kwa ndimu, kwa majivu, na kwa shampuu ya mama. Asubuhi lilinukia mbuzi aliyetoka saluni.

Fainali ilikuwa kwenye uwanja wa shule moja, katikati ya Ramadhani. Nilipofika, mbwa mmoja wa kijivu alikuwa amenifuata tangu steji, na hakuwa na nia ya kurudi. Habon, aliyekuwa amefunga, alinusa hewa kabla hajanisalimia.

"Nthoki, wallahi, nini hiyo?"

"Gongo la baba."

"Hiyo ni mbuzi! Toa hapa! Nimefunga, na unaniletea mbavu choma saa tatu asubuhi?"

"Niongelee polepole. Baba anakuja."

"Baba amefika saa moja," akasema, akaonyesha kwa kidevu.

Kweli. Ameketi ukingoni mwa uwanja kwenye kigoda chake, amevaa suti aliyoolea mama, mfuko wa vifaa vya kuchongea miguuni. Baba hata kanisani huenda na mfuko huo. Mbwa alimwendea moja kwa moja akalala karibu naye.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Ningelibeba gongo la twiga mbele ya baba, nilipungepunge, kisha zamu yangu ikifika ningechukua gongo la Habon kwa siri. Lakini sikumhesabu Griffins. Kwa kuwa ilikuwa fainali, alikuja na kipimo, ubao wenye tundu, na kila gongo lilipaswa kupita tunduni kabla ya mechi. La Habon likapita. Ya wapinzani wetu, timu ya upande wa Westlands wenye mabegi ya magurudumu, yakapita yote. La baba liligota.

Griffins akajaribu upande mwingine. Likagota. Akamtazama twiga, twiga akamtazama.

"Hili halifai," akasema. "Ni pana mno."

Moyo wangu uliruka kwa furaha. Sheria imeniokoa! Nikageuza uso nikautia huzuni kidogo, nikamwambia baba, aliyekuwa ameshafika karibu, "Pole, baba. Refa amekataa."

"Ni pana kiasi gani?" baba akauliza.

Griffins akamwonyesha kwa vidole. Baba akapiga magoti kwenye nyasi na suti yake ya harusi, akafungua mfuko, akatoa tezo.

Griffins alifunua kitabu cha sheria kuanzia mwanzo hadi mwisho, akitafuta mahali palipokatazwa mtu kuchonga gongo pembeni mwa uwanja mechi haijaanza. Hapakuwepo. Baba akachonga. Vipande viliruka huku na huko, wachezaji wa Westlands wakatoa simu wakapiga picha, na harufu ya mbuzi iliyokuwa imejificha ndani ya mti ikatoka yote kwa pamoja. Habon akaenda kusimama upande ule mwingine wa uwanja. Katikati ya kazi baba alisimamisha tezo, akapitisha kidole kwenye zile chale.

"Mipira yenu ina makali," akasema.

"Inategemea na mrushaji, baba."

Akanitazama, akarudi kwenye kazi. Gongo likapita kwenye tundu. Kisha Griffins akasema bado mpini, kwa sababu mpini nao una urefu wake usiotakiwa kuzidi, na akatoa futi ya kupimia kuanzia shingoni hadi pembe. Hapo baba alisimama wima.

"Kichwa sikati," akasema.

Griffins akapima mara tatu. Akafuta miwani, akapima ya nne. "Twiga amepita," akatangaza, na naapa alionekana amefurahi.

Basi tukacheza. Westlands walitangulia kupiga, wakapata mikimbio tisini na nane. Mimi nyuma ya wiketi nilidaka watatu, na kila nilipodaka nilisikia kutoka ukingoni sauti niliyoikosa kwa miaka tisa: "Amekataa!" Mbwa naye akabweka. Ningependa mechi iishie hapo.

Zamu yetu ikafika. Mimi hupiga wa mwisho, kwa sababu zinazojulikana, na nilikaa nikiomba nisifikiwe. Lakini wenzangu walianza kuanguka mmoja mmoja, na ilipobaki mipira sita mechi iishe, tulihitaji mikimbio mitano, Habon yuko uwanjani peke yake, na wa kumfuata ni mimi. Nikainuka. Gongo la Habon la akiba lilikuwa kulia kwangu, jepesi, safi. La twiga lilikuwa kushoto. Nikatazama ukingoni. Baba alikuwa amesimama, kofia mkononi.

Nikachukua la twiga.

"Wewe!" Habon akanipigia kelele nilipofika. "Unataka kutuua?"

"Baba anaangalia."

"Na mimi je? Na kombe je?"

"Habon, nyamaza uokoe mate."

Mrushaji wao alikuwa msichana mrefu mwenye hasira zake. Mpira wa kwanza sikujaribu hata kuliinua gongo. Nililisimamisha tu chini mbele ya vijiti, nikalishika kwa mikono miwili, nikajificha nyuma yake. Mguu wa kushoto ukajaribu kutoka, ukagonga muhugu, ukarudi. Mpira ukagonga muhugu, nao ukarudi. Nikabaki nimeduwaa. Miaka tisa makocha wamenifundisha kutanguliza gongo kabla ya mguu, na dawa ilikuwa gongo zito kiasi kwamba mguu haupati pa kupita!

Mpira wa pili nilifanya vile vile, na kwa ugumu wa mti ule mpira ulidunda ukampita mrushaji mwenyewe. Tukakimbia. Mkimbio mmoja. Wa tatu Habon aliukosa, wa nne akapata mmoja, akabaki ameinama akishika magoti. Wa tano, mimi tena, ukagota kwenye ubao ukafa pale pale. Ukabaki mpira mmoja, na tulihitaji mikimbio mitatu.

Mrushaji alikuwa ameshaelewa kwamba chini hapana njia. Akaurusha mfupi, ukadunda ukainuka kuja kifuani mwangu. Na mwili wangu, uliokuwa umetulia vizuri, ulipoona mpira unakuja juu ukasahau kriketi, ukasahau goti, ukasahau umri. Niliruka kama kipa, mguu wa kushoto ukapaa usawa wa bega, mkono wa kushoto ukatanuka hewani, na mkono wa kulia peke yake ukabaki umeng'ang'ania shingo ya twiga. Gongo lile halikuondoka chini. Mpira ukampiga twiga kichwani.

Ulisikika mlio. Vitu viwili viliruka. Kimoja kilikwenda juu kulia, na mchezaji wa Westlands aliyekuwa huko alikimbia, akajitupa, akakidaka kwa mkono mmoja, akainuka akipiga kelele za ushindi. Wenzake wote wakamkimbilia kumkumbatia. Kisha wakaona alichoshika kina masikio. Kitu cha pili, chekundu, cha mviringo, kilikuwa kimempita kipa wao kimyakimya na kilikuwa kinabingirika kwenye nyasi kuelekea mpakani, na aliyekifuata alikuwa mbwa peke yake. Nashukuru hakukifikia. Kikavuka mstari.

Griffins alifunua kitabu. Uwanja mzima ulingoja. "Kilichodakwa si mpira," akasema hatimaye. "Mikimbio minne."

Habon alilala chali kwenye nyasi akauliza saa za magharibi. Wengine walinirukia mgongoni. Mimi nilikuwa namtazama baba, aliyekuwa anatembea polepole katikati ya uwanja kumwendea yule msichana wa Westlands aliyedaka. Akavua kofia, akasema, "Samahani mama, hicho ni changu," akapewa kichwa. Akaja nacho hadi nilipokuwa.

Nilikuwa nimeshinda, na sikuweza kuvumilia tena.

"Baba, nina jambo la kukuambia."

"Sema."

"Hili gongo sijawahi kulichezea. Leo ndiyo mara ya kwanza. Miaka yote hii liko Burma, linavunja mifupa ya mbuzi. Nilikudanganya."

Baba alikigeuza kichwa cha twiga kiganjani, akalipuliza vumbi sikio moja.

"Kwa Nzomo," akasema. "Huwa analitundika karibu na dirisha."

Nikaketi kwenye nyasi, gongo mapajani.

"Kila Jumamosi mchana mimi na wenzangu tunakula pale," baba akaendelea. "Siku ya kwanza nilipoliona nilitaka nimpige nalo yule kijana. Kisha nikatazama anavyolishika. Nikakaa. Nikaagiza nyama."

"Na huyu twiga anavyong'aa..."

"Moshi ungemharibu. Huwa namtia rangi ya viatu."

"Mbona hukuniambia?" Machozi yalikuwa yananitoka, na kicheko pia, sijui kipi kilitangulia.

"Ningekuambia nini? Unaingia nyumbani umejaa furaha, unasema umepiga ishirini na tatu na gongo langu. Na mimi nimetoka kuliona." Akalipuliza sikio la pili. "Halafu nilipenda kusikia. Ile ishirini na tatu, ilikuwa kweli?"

"Ilikuwa tatu, baba."

"Tatu." Hakuonekana kuudhika. "Na leo je?"

"Leo tano."

"Tano za kweli?"

"Si umeziona mwenyewe?"

"Nimeziona," akasema. Akavaa kofia, akaitia tezo kwenye mfuko, akasema tena, "Nimeziona."

Jioni hiyo tulilirudisha gongo kwa wenyewe. Nzomo alipoona shingo bila kichwa alitaka kulia, na baba akakipachika pale pale juu ya kaunta kwa gundi, lakini kwa sababu taa ilikuwa mbaya twiga akakauka akitazama nyuma. Baba anasema ni makusudi. Siku hizi Jumamosi zangu ziko huru, na tunakula pale pamoja, mimi, baba na wachongaji wake. Mteja mgeni akiuliza kwa nini kuna twiga anayetazama ukutani, baba humweleza kwamba gongo hilo lilipiga tano kwenye fainali, na mwenye kupiga ni huyu hapa, binti yake. Hapakosi mtu wa mtaani wa kuingilia kutoka meza ya pili: "Huyu? Si huyu alikuwa wa kubeba maji?"

Baba huweka mfupa chini, hupangusa mikono, na huanza kueleza upya.